Siku kwanza, bei baadaye: hesabu ya vipimo vya Korona kwa safari ya meli ya kitalii

Kati ya Desemba 2021 na Juni 2022, familia iliyokuwa ikiishi Marekani na kutaka kupanda meli ya kitalii Ulaya ilikuwa na malango matatu ya kupita. La kwanza ni nchi ambako ndege inatua. La pili ni meli yenyewe. La tatu, ambalo wengi walilikumbuka wiki ya mwisho, ni kurudi nyumbani. Kila lango lilikuwa na sharti lake kuhusu kipimo cha Korona: kiwe cha aina gani, kisimamiwe na nani, kifanyike siku ngapi kabla. Cheti kilichokubaliwa kwenye lango la kwanza hakikuwa na kazi yoyote kwenye la tatu.

Masharti hayo yameondolewa, lakini habari yake inafaa kuandikwa vizuri maana hurudi bila kubisha hodi. Marekani ilifuta sharti la kipimo kwa abiria wa ndege tarehe 12 Juni 2022. Miezi saba haikutimia: tarehe 5 Januari 2023 ikawataka tena wasafiri waliotoka China, Hong Kong na Macau waje na kipimo, na haikulifuta sharti hilo hadi tarehe 10 Machi. Tena fedha nyingi zilizowatoka watu wakati ule hazikutoka kwa sababu vipimo vyenyewe vilikuwa ghali. Zilitoka kwa sababu watu walilinganisha bei kabla ya kulinganisha siku.

Ukali wa kampuni za meli ulikuwa na chanzo. Februari 2020 meli ya Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu 3,711, na watu 712 wakathibitika kuambukizwa. Tarehe 14 Machi mwaka huohuo CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kilisimamisha safari za meli za kitalii katika himaya yake. Meli ziliporudi baharini, cheti cha kipimo kikawa kama tiketi ya pili. MSC Grandiosa, iliyoanza tena safari kutoka Genoa Agosti 2020, ilimpima kila abiria kabla ya kumpandisha. Kampuni ya Viking ilikwenda mbali zaidi ikajenga maabara kamili ya PCR, kipimo cha vinasaba vya virusi, ndani ya meli yake ya Viking Star. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi lilikuwa hili: kampuni yangu inanipima yenyewe, au inataka nije na cheti mkononi? Aliyekuwa anapimwa bandarini kwa gharama ya meli, kisha akatoa fedha nyingine mjini siku moja kabla, alilipia jambo moja mara mbili.

Tuchukue mfano na tuupigie hesabu. Baba, mama na watoto wawili, mmoja wa miaka 16 na mwingine wa miaka 14, wanaishi Columbus, Ohio. Wote wamechanjwa, na wamepata dozi ya nyongeza. Wanapanda ndege Alhamisi tarehe 17 Machi 2022 na kufika Roma Ijumaa. Jumapili tarehe 20 wanapanda meli katika bandari ya Civitavecchia, na Jumapili tarehe 27 asubuhi wanashuka hapohapo na kuelekea uwanja wa ndege wa Fiumicino, ndege yao ikiwa ni ya mchana. Kampuni yao, tuseme, inataka kipimo cha antijeni, kile cha majibu ya haraka, kilichofanyika siku zisizozidi 2 kabla ya kupanda.

Lango la kwanza waliingia bila gharama. Tangu tarehe 1 Machi 2022 Italia ilimruhusu abiria anayetoka Marekani kuingia kwa cheti cha chanjo, au cha kupona, au cha kipimo, kimojawapo kikitosha. Hadi siku iliyotangulia ilikuwa ikitaka chanjo na kipimo kwa pamoja. Palikuwa na mtego, hata hivyo, na uliwanasa watu wazima wenye kadi zao za chanjo mkononi: chanjo ya msingi ilihesabika kwa siku 270 tu. Mtu aliyepata dozi moja ya Janssen Aprili 2021 na asirudi kwa nyongeza, muda wake ulikuwa umekwisha kufikia mwisho wa Januari 2022. Huyo alirudi kwenye kundi la wanaotakiwa kupimwa, na kama mwenziwe hakuwa katika hali hiyo, mume na mke wa nyumba moja walijikuta na masharti mawili tofauti. Kadi ya chanjo husomwa tarehe, haitoshi kuwa nayo.

Familia yetu inabaki na vipimo 8: vinne vya kupandia meli, vinne vya kurudia Marekani.

Sharti la kurudi ndilo lililokuwa gumu zaidi kueleweka, ingawa liliandikwa kwa maneno machache. Tangu tarehe 26 Januari 2021 abiria wa ndege anayekwenda Marekani alitakiwa awe na kipimo cha siku 3 kabla ya kuondoka. Kuanzia tarehe 6 Desemba 2021 siku hizo zilipunguzwa ikabaki 1, kwa aliyechanjwa na asiyechanjwa, raia na mwenye kadi ya kijani. Watoto wasiofika miaka 2 walisamehewa. Watu wakasoma "siku 1" wakaelewa saa 24, na hapo ndipo hofu na gharama zilipoanzia. CDC ilihesabu siku ya kalenda. Mwenye ndege ya Jumapili saa tano usiku aliruhusiwa kutumia kipimo cha Jumamosi saa moja asubuhi. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Machi Ulaya ilisogeza saa mbele, na hata hilo halikuwadhuru waliohesabu kwa siku. Lakini wapo waliolipia kipimo cha pili uwanjani kwa sababu tu cha kwanza kilipitisha saa 24, na cha kwanza kilikuwa bado halali.

Sasa bei. Chaguo la kwanza lililowajia wengi akilini ni kupima PCR kabla ya kutoka Marekani ili wafike Ulaya wakiwa wamemaliza kazi. Kwa familia yetu lilikuwa chaguo la kupoteza. Kipimo cha Alhamisi kina umri wa siku 3 ikifika Jumapili, na meli inataka siku 2. PCR ya maabara ya kawaida huchukua siku moja hadi tatu kutoa majibu, na ile ya majibu ya haraka katika vituo vya viwanja vya ndege vya Marekani ilifika dola 200 na zaidi kwa kichwa. Watu wanne, dola 800, kwa cheti ambacho mlangoni pa meli kingekataliwa. PCR ilikuwa na kasoro nyingine kwa waliougua karibuni: huweza kuonyesha mabaki ya virusi wiki nyingi baada ya mtu kupona. Aliyepona mwezi uliotangulia alikuwa salama zaidi kwa antijeni, au kwa hati za kupona ambazo Marekani ilizikubali: majibu chanya yasiyozidi siku 90 pamoja na barua ya daktari inayosema anaweza kusafiri.

Chaguo la pili ni famasi za Italia, na hapa sifa ziende kwa wanaostahili. Serikali ya Italia ilikubaliana na wenye famasi bei ya kipimo cha haraka: euro 15 kwa mtu mzima, euro 8 kwa wenye umri wa miaka 12 hadi 18. Famasi zilizoingia kwenye mpango huo zilikuwa nyingi. Familia yetu ingelipa euro 46 kwa awamu moja, yaani kama dola 51 kwa thamani ya euro ya mwezi ule. Ugiriki iliweka kikomo cha euro 10 kwa kipimo cha haraka. Ufaransa, Julai 2021, ilianza kuwatoza wageni euro 29 kwa antijeni na euro 49 kwa PCR. Tofauti ni kubwa, lakini katika nchi zote tatu mgeni alijua bei kabla ya kufika.

Linganisha na Uingereza, ambako soko liliachiwa huru. Orodha rasmi ya serikali ya wauzaji wa vipimo ilijaa kampuni zilizotangaza bei ya kuvutia, na mteja akibofya anakuta bei nyingine kabisa au anaambiwa zimekwisha. Agosti 2021 serikali ilitangaza kwamba kampuni 82 zingepewa onyo kwa kutangaza bei zisizo za kweli, na kwamba nyingine 57 zingeondolewa kwenye orodha. Mwezi uliofuata mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo, CMA, ilishauri serikali isimamie soko hilo kwa nguvu zaidi. Nionavyo, kipimo ambacho sheria inamlazimisha mtu kukinunua hakipaswi kuuzwa bila kikomo cha bei. Anayelazimishwa kununua hana uwezo wa kukataa, na muuzaji anajua hivyo.

Turudi Roma. Ijumaa mchana familia imefika, famasi ziko wazi, kila mtaa una msalaba wa kijani mlangoni. Kipimo cha Ijumaa kina siku 2 ikifika Jumapili: kinakubalika. Awamu ya kupandia meli imekwisha kwa dola 51. Kwa nini wasifanye hivyohivyo wakati wa kurudi? Kwa sababu ya Jumapili. Famasi nyingi za Italia hufungwa siku hiyo, zinabaki zile za zamu, na familia yenye mabegi manne iliyoshuka meli asubuhi na kutakiwa Fiumicino mchana haina muda wa kuzunguka ikitafuta ya zamu. Jumamosi basi? Jumamosi meli, tuseme, iko Napoli. Inawezekana, ila siku ya mwisho ya matembezi inaliwa na foleni, na meli ikibadili bandari kwa sababu ya upepo, mpango wote unaanguka. Meli hubadili bandari, si jambo la nadra.

Hapo ndipo chaguo la tatu linapopata thamani yake: kipimo cha kubeba mwenyewe, kinachosimamiwa kwa video. Kuanzia Mei 2021 CDC ilikubali kipimo cha kujipima ilimradi mtaalamu aliyeunganishwa na mtengenezaji akuangalie kwa kamera mwanzo hadi mwisho. Kilichotumika zaidi na Wamarekani kilikuwa BinaxNOW cha kampuni ya Abbott, kikisimamiwa na kampuni ya eMed. Pakiti ya vipimo 6 iliuzwa dola 150, ya vipimo 2 dola 70. Yaani dola 25 kimoja ukinunua sita, dola 35 ukinunua viwili.

Uangalifu ulitakiwa mahali pamoja hasa. Abbott hiyohiyo ilikuwa na boksi jingine la BinaxNOW, lililouzwa maduka ya dawa ya Marekani kwa kiasi cha dola 24 likiwa na vipimo viwili ndani. Kadi ileile, dawa ileile, kijiti kilekile. Lakini boksi la dukani halikuwa na usimamizi wa video, kwa hiyo halikutoa cheti, na bila cheti shirika la ndege halikupakii. Mtu aliyeona dola 12 kwa kipimo badala ya dola 25 akadhani amepata nafuu, alikuwa amenunua kitu kingine. Rahisi ghali.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Boksi halifunguliwi hadi msimamizi aseme. Unafungua kompyuta au simu yenye kamera, unaonyesha pasipoti, msimamizi anakagua boksi kama bado limefungwa. Unaweka kadi mezani wazi, unadondosha matone sita kwenye tundu la juu. Unaingiza kijiti cha pamba puani, unazungusha mara tano ukigusa kuta za pua, kisha tundu la pili vivyo hivyo. Kijiti kinaingizwa tundu la chini la kadi hadi kitokeze tundu la juu, kinazungushwa mara tatu, kadi inafungwa kama kitabu. Dakika 15 za kusubiri, kadi ikiwa mbele ya kamera. Mstari mmoja, huna maambukizi. Miwili, unayo. Hakuna mstari wowote, kipimo kimeharibika na unaanza upya na kingine. Majibu yanaingia kwenye programu ya NAVICA ya Abbott yakiwa na jina lako na tarehe.

Kwa hiyo wanne hawakupimwa kwa dakika 15. Kila mtu ana kipindi chake na msimamizi wake, na intaneti lazima ivumilie video muda wote. Intaneti ya melini, inayopita kwenye setilaiti na kutozwa bei ya juu, haikuwa mahali pa kujaribia bahati. Aliyetumia vifaa hivi vizuri alitafuta hoteli au mkahawa wenye Wi-Fi nzuri bandarini Jumamosi asubuhi, au alimuuliza wakala mapema kama meli ilikuwa na utaratibu wake wa kuwapima wanaorudi Marekani. Vifaa vyenyewe huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 30 za Selsiasi, kwa hiyo hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, na tarehe ya mwisho ya matumizi huangaliwa kabla ya kuagiza na tena kabla ya kufunga begi. Aliyesubiri hadi Januari 2022, aina ya virusi ya Omikroni ilipopamba moto, alikuta vipimo vimeadimika nchi nzima.

Hesabu ya jumla basi ni hii. Vipimo vyote 8 kwenye famasi za Italia: kama dola 101, bila akiba, na kutegemea kuwa kila famasi itakuwa wazi siku unayoihitaji. Vyote 8 kwa video, pakiti moja ya sita na moja ya viwili: dola 220, na bado hakuna cha akiba. Pakiti mbili za sita: dola 300, vinne vya akiba. Famasi kwa kupandia meli na pakiti moja ya sita kwa kurudi: kama dola 201, viwili vya akiba. Ningechagua hili la mwisho bila kusita. Dola 100 zaidi ya chaguo la bei ya chini kabisa zinanunua uhuru wa kutotegemea famasi wala bandari fulani siku moja kabla ya ndege, na vipimo viwili vya ziada kama kadi ikiharibika.

Akiba hiyo haikuwa ya kujipima tena na tena hadi mstari wa pili upotee, wala cheti cha kughushi hakikuwa "chaguo" la kuwekwa kwenye hesabu. Ndani ya meli kuna wazee, kuna wenye magonjwa ya mapafu, na kuna mabaharia wanaolala wawili chumba kimoja chini ya sitaha, wakiwamo vijana kutoka Mombasa wanaotuma mshahara nyumbani. Anayepanda akijua anaumwa anawahatarisha watu waliomwamini.

Gharama kubwa kuliko zote ilikuwa ile isiyoonekana kwenye orodha yoyote ya bei: majibu chanya. Italia wakati ule iliwataka waliopata nyongeza, au waliokamilisha chanjo karibuni, wajitenge siku 7 na wengine siku 10, kisha wapime tena. Vyumba viwili vya euro 120, usiku 7, ni euro 1,680, kabla ya chakula na kabla ya kubadili tiketi nne za ndege. Mbele ya kiasi hicho, kubishana juu ya kipimo cha euro 15 na cha dola 25 ni kuhesabu senti. Kwa hiyo vipimo vya bure vya Marekani, ambavyo havikufaa kwa cheti, vilikuwa na kazi kubwa kuliko watu walivyodhani. Kuanzia Januari 2022 kila nyumba iliweza kuagiza vinne kwa posta kutoka serikalini, na bima za binafsi zilitakiwa kulipia 8 kwa mtu kila mwezi. Kujipima nyumbani Jumanne na tena Alhamisi asubuhi kulimpa mtu habari mbaya akiwa Columbus, kitandani kwake, na si Roma.

Bima ya safari nayo ilitaka kusomwa neno kwa neno. Nyingi zililipa matibabu. Chache zililipa hoteli ya kujitenga. Ile inayokuruhusu kughairi safari kwa sababu yoyote ile kwa kawaida hurudisha asilimia 50 hadi 75 tu, na hununuliwa ndani ya wiki mbili tatu tangu malipo ya kwanza. Wazee wanaotegemea Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, wajue kwamba, kwa sehemu kubwa, haivuki mpaka wa Marekani.

Kisha kuna jambo linalowahusu wasomaji wengi wa Kiswahili na ambalo miongozo ya Kimarekani haikuligusa. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Kongo na kadi ya kijani ya Marekani huingia Italia kwa viza ya Schengen, iliyokuwa euro 80 wakati huo. Viza hiyo imeandikwa idadi ya siku. Omba siku zilezile za safari yako tu, kisha ujitenge siku 7, na siku zinakuishia ukiwa chumbani. Sheria ya Schengen huruhusu kuongezewa siku bila malipo kwa sababu isiyozuilika, lakini unaomba kabla ya siku kwisha, na Italia maombi hayo hupelekwa Questura, ofisi ya polisi ya mkoa. Meli ikipita Tunisia au Uturuki na kurudi Italia, viza ya kuingia mara moja haitoshi kabisa. Haya yanatakiwa kuulizwa ubalozini mwanzoni, pamoja na ratiba ya bandari zote.

Kwa mawakala wanaowauzia ndugu zetu safari hizi ughaibuni, ombi langu ni moja: sharti la kipimo likirudi, liwekeni kwenye ankara. Andikeni ni vipimo vingapi, vya aina gani, tarehe zipi na mji gani, nani analipa, na kama abiria akikutwa na maambukizi anarudishiwa fedha taslimu au anapewa hati ya safari nyingine. Na msomaji, kabla hujalipa hata amana, waombe wakujibu hilo la mwisho kwa maandishi.